Karanga, ini la kaka yangu na protini iitwayo p53

Protini iitwayo p53 niliifahamu kwa sababu ya karanga. Mimi ni afisa ugani, bwana shamba kama wanavyotuita vijijini, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanyia Chemba na Kondoa, mkoani Dodoma, kwenye mahindi, alizeti, uwele na karanga. Saratani haikuwa somo langu hata kidogo mpaka kaka yangu mkubwa alipogundulika ana saratani ya ini.

Kaka alikuwa mnunuzi wa karanga. Akipita kijiji kwa kijiji ananunua kwa debe, anarundika nyumbani, mkewe na watoto wanabangua na kuchambua, kisha anakodi gari kupeleka Dodoma mjini. Punje nene zenye rangi nzuri ziliingia kwenye magunia ya kuuza. Chenga, zilizosinyaa na zile zenye doa la kijivu zilibaki nyumbani. Hizo ndizo zilizotwangwa na kutiwa kwenye mlenda na mboga za majani, mwaka hadi mwaka. Nyumba nyingi za huku hufanya hivyo hivyo. Mkulima anauza kilicho bora ili alipe ada ya shule, halafu anakula kilichobaki.

Ugonjwa ulianza kwa maumivu chini ya mbavu za kulia. Akapungua, tumbo likajaa, macho yakawa ya njano. Ndugu walisema karogwa na wafanyabiashara wenzake, na kwa kweli biashara ile ina ushindani mkali, hivyo maneno yalipata wa kuyaamini. Tulipofika hospitali Dodoma, altrasaundi ikaonyesha uvimbe mkubwa kwenye ini, na kipimo cha damu kikaonyesha ana virusi vya homa ya ini B, ambavyo hakuwahi kujua anavyo. Daktari aliniuliza swali ambalo sikulitarajia hospitalini: nyumbani mnahifadhi vipi mahindi na karanga? Nikamwambia kazi yangu. Akasema, "Basi sumukuvu unaijua kuliko mimi. Nenda kasome inafanya nini ndani ya ini."

Sumukuvu, ile sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka na karanga, niliijua, ndiyo. Hakuna afisa ugani wa ukanda huu asiyeukumbuka mwaka 2016. Kuanzia Juni mwaka ule watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto walianza kuugua ghafla, wanatapika, macho ya njano, matumbo yanajaa maji. Mwanzoni ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ukaonyesha ni sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi ya majumbani. Hadi Novemba wagonjwa walikuwa 68 na waliofariki 20. Majirani zetu Kenya walipata balaa kubwa zaidi mwaka 2004, wagonjwa 317 na vifo 125. Tangu hapo mafunzo yetu yakawa ya sumu inayoua kwa haraka: tuliwaonyesha watu picha za mahindi yenye ukungu wa kijani, tukawaambia ukila haya utakufa. Kaka yangu alizisikia nasaha hizo. Lakini yeye hakula gunia moja lililooza. Alikula kidogo kidogo maisha yake yote, na hakuwahi kutapika.

Kwa hiyo nikasoma. Nilikuwa na msingi kidogo, kwa sababu jenetiki ya mazao tulifundishwa chuoni, na mambo ya jeni kwa binadamu hayatofautiani sana na ya mtama katika mwanzo wake. Karibu kila seli ya mwili imebeba jeni zote, za ini, za ngozi, za jicho. Kinachoifanya seli ya ini iwe ya ini ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Kazi hiyo ya kuwasha na kuzima inafanywa na protini maalumu zinazokaa juu ya uzi wa DNA, ule unaobeba jeni. Binadamu anazo aina takriban 1,600. Nilipolielewa hili, nikaelewa pia kwa nini saratani nyingi huanzia hapo. Mtu hahitaji kuharibikiwa na jeni elfu moja. Protini moja tu inayoongoza jeni nyingi ikiharibika, zote zilizo chini yake zinakosa amri.

Na kati ya protini hizo, p53 ndiyo inayoharibika mara nyingi kuliko zote. Karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina hitilafu kwenye jeni yake. Katika seli yenye afya protini hii hutengenezwa na kubomolewa papo hapo, haikai hata saa moja, kwa sababu protini nyingine iitwayo MDM2 inaishika na kuipeleka kuvunjwa. DNA ikijeruhiwa, iwe na mionzi, moshi wa sigara au sumu, ubomoaji unasimama na p53 inajaa ndani ya seli. Inakaa kwenye DNA na kuwasha jeni za dharura. Mojawapo ni p21, inayosimamisha seli isigawanyike mpaka ikarabatiwe. Nyingine, kama BAX na PUMA, zinaiamuru seli ife yenyewe endapo jeraha halitibiki. Mwaka 1992 David Lane, Mwingereza, mmoja wa walioigundua, aliiita mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli kwa pamoja, na jina hilo limebaki mpaka leo.

Historia ya ugunduzi wake inanigusa kila nikiisoma. Iligunduliwa mwaka 1979, na kwa miaka kumi wanasayansi waliiona kama protini inayochochea saratani. Sababu ni kwamba nakala walizokuwa nazo maabara zilikuwa zimeshaharibika. Mwaka 1989 ndipo ilipothibitika kuwa ile nzima huzuia saratani. Mlinzi alihukumiwa kwa kazi iliyofanywa na mlinzi aliyeharibiwa.

Sasa sumukuvu inaingiaje? Ini ndilo linalosafisha sumu za mwilini. Chakula chenye sumukuvu kikifika huko, vimeng'enya vya ini vinaibadilisha ili itoke kwenye mkojo. Ila katika kubadilishwa, sehemu yake inageuka kuwa kali zaidi kuliko ilivyoingia, na inang'ang'ania kwenye DNA, hasa kwenye herufi G, yaani guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Seli ikijinakili kabla ya kukarabatiwa, G inasomwa kama T. Mahali pengine kosa hilo halina madhara. Lakini kwenye jeni ya p53 kuna neno la herufi tatu, la 249 kwa hesabu, linaloandikwa AGG. Sumukuvu huligeuza kuwa AGT. Kila neno la namna hiyo huagiza asidi amino moja, tofali la kujengea protini. Protini nzima ina asidi amino 393, na 392 zinabaki zilivyo. Moja tu, arjinini, inakuwa serini. Hiyo moja inatosha: sehemu ya protini inayoshika DNA inapoteza umbo lake, na p53 haiwezi tena kuwasha jeni zake za dharura.

Tunapata jeni hii mara mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo nilijiuliza kwa nini nakala nzima isiendelee na kazi. Jibu liko kwenye namna protini hii inavyofanya kazi. Hukaa nne nne. Wakulima huwaeleza kwa maksai wanne kwenye nira moja: mmoja akiwa kilema, jembe linapinda hata kama watatu ni wazima. Seli yenye nakala moja nzima na moja mbovu inatengeneza za aina zote mbili kwa wingi sawa, zinachanganyika, na kati ya makundi 16 ni moja tu linalobahatika kuwa na nne zilizo nzima. Hesabu hii niliipiga mwenyewe kwenye karatasi usiku mmoja nyumbani kwa kaka, yeye akiwa chumba cha pili, na ndipo nilipoamini.

Mwaka 1991 timu mbili tofauti zilichapisha jambo hili katika jarida la Nature. Moja ilipima uvimbe wa ini wa wagonjwa wa Qidong, China, na kukuta 8 kati ya 16 wana hitilafu kwenye neno hilo hilo la 249. Nyingine ilipima wagonjwa wa kusini mwa Afrika na kukuta kitu kile kile. Sehemu mbili za dunia zilizo mbali namna hii, na zote mbili watu wake wanakula mahindi na karanga zilizohifadhiwa kwenye joto na unyevu. Saratani za ini za nchi ambazo sumukuvu ni nadra hazina alama hii kwa wingi huo. Uvimbe wa kaka haukupimwa jeni, kwa hiyo sisemi kwamba alama hiyo ilikuwepo kwake. Ila nikiziangalia chenga zile, na virusi vile, sipati shida kuelewa kwa nini daktari aliuliza swali lake.

Kaka alifariki miezi michache baada ya kugundulika. Baada ya arobaini shemeji aliniita uani, akafunga mlango wa jikoni watoto wasisikie.

"Shem, wewe umesoma. Niambie ukweli. Huu ni ugonjwa wa ukoo? Wanangu nao watakufa hivi?"

Nikiri kwamba katika yote niliyosoma, hakuna lililonipa faida kubwa kama kuweza kumjibu mama yule. Zipo familia duniani zinazorithi p53 iliyoharibika, na saratani huwapata wengi wao wakiwa bado vijana. Madaktari wawili wa Marekani, Li na Fraumeni, walizieleza mwaka 1969, na mwaka 1990 ikajulikana kuwa chanzo ni jeni hii. Lakini hitilafu inayoletwa na sumukuvu inatokea ndani ya seli za ini la mtu akiwa hai, ukubwani. Haifiki kwenye mbegu ya uzazi. Watoto hawairithi. Nikamwambia: "Hapana shemeji, si damu ya ukoo. Watoto hawakupewa ugonjwa huu na baba yao. Ila ghala ni lile lile, na virusi vile vinaambukiza. Haya mawili ndiyo ya kuyashughulikia."

Akaniuliza tena, na hili lilikuwa swali langu pia: mbona mimi na kaka tulikulia chungu kimoja, yeye akaugua mimi mzima? Sehemu ya jibu ni bahati, kwa maana herufi ipi itaguswa katika seli ipi hakuna anayepanga. Sehemu nyingine ni virusi. Utafiti uliofanywa Shanghai na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa sumukuvu peke yake ilizidisha hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi, homa ya ini B peke yake mara 7, na vyote viwili vikiwa ndani ya mtu mmoja, karibu mara 60. Virusi huua seli za ini taratibu, na ini linalazimika kutengeneza nyingine bila kupumzika, kila unakili ukiwa nafasi ya kosa. Tena virusi hivi vina protini yao, HBx, ambayo nayo huingia kwenye kuwasha na kuzima jeni za seli na kuisumbua hata p53 yenyewe. Mimi nilipima, sina. Yeye alikuwa navyo, pengine tangu utotoni.

Shemeji na watoto wote walipimwa. Wadogo walikuwa wamepata chanjo ya pentavalenti kliniki, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo ndani yake mna kinga ya homa ya ini B. Wakubwa waliokutwa salama walichoma chanjo tatu: ya kwanza, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Mmoja alikutwa na virusi. Anahudhuria kliniki, anapimwa ini kwa utaratibu, na majibu yake mpaka sasa ni mazuri.

Tangu wakati ule nimebadilisha namna ninavyoendesha mikutano ya wakulima. Nawaeleza habari ya mlinzi, na naona watu wanasikiliza zaidi kuliko nilipokuwa nawatisha kwa vifo vya ghafla, maana kila mmoja anaye ndugu aliyefariki kwa tumbo kujaa ambaye hakuna aliyejua sababu. Mzee mmoja wa Kondoa aliuliza kama wanyama nao wana mlinzi huyu. Wanaye. Na tembo, ambaye wakazi wa jirani na pori la Swagaswaga wanamjua vizuri kwa kula mahindi yao, anaye kwa wingi: mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba tembo hupata nakala 20 hivi za jeni hii kwa kila mzazi wakati binadamu hupata moja, na wanafikiri ndiyo sababu mojawapo mnyama mkubwa vile, mwenye seli nyingi vile, hafi sana kwa saratani. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Basi sisi tuitunze hiyo moja." Niliandika maneno yake kwenye daftari la kazi.

Akina mama huuliza kuhusu saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Nayo inapita kwa mlinzi yule yule. Virusi vya HPV, vinavyoisababisha, vina protini iitwayo E6 inayoikamata p53 na kuipeleka kuvunjwa, na E7 inayomfunga mlinzi mwingine aitwaye Rb. Jeni yenyewe inabaki nzima, lakini protini haionekani kazini. Chanjo yake wasichana wetu wanaipata nchi nzima tangu 2018. Hapo huwa nawaelekeza kwa muuguzi wa zahanati, kwa kuwa ni somo lake kuliko langu.

Langu ni shamba na ghala. Kuvu huyu, Aspergillus flavus, yumo kwenye udongo wetu, na anashamiri hasa mmea ukipata kiu wakati wa kujaza punje. Dodoma mvua hukatika mapema, kwa hiyo mahindi na karanga mara nyingi huingia nyumbani na kuvu tayari. Uwele na mtama, chakula cha wazee wetu, havipati sumukuvu nyingi kama mahindi na karanga, na mimi sichoki kusema virudi mezani. Wenye uwezo wanaweza kutawanya Aflasafe, kuvu wa jamii hiyo hiyo wasiotoa sumu, kilo 4 kwa ekari kabla mahindi hayajachanua, wakamzidi nguvu yule mbaya. Ila si kila mkulima anaipata.

Kinachowezekana kwa kila nyumba ni kukausha. Sina vipima unyevu vya kugawa, kwa hiyo nafundisha kwa chupa ya soda. Iwe kavu kabisa. Tia chumvi kavu kijiko kimoja, tia punje za mahindi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Chumvi ikianguka yote chini, yamekaribia. Lengo ni asilimia 13 au chini yake. Chupa hiyo haipimi sumu, na hili nalirudia kila mara, inapima maji tu. Sumu ikishaingia haitoki: haina harufu, haina ladha, na joto la sufuria ya ugali haliivunji. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Kwenye karanga adui mkubwa ni maji ya kubangulia. Ganda likikauka linakuwa gumu na linaumiza vidole, kwa hiyo akina mama hunyunyizia maji rundo zima jioni ili asubuhi kazi iwe laini. Punje zinalala na unyevu usiku kucha, na kuvu hahitaji zaidi ya hapo. Shemeji alifanya hivyo miaka yote, kama mama yake na kama mama yetu. Sasa kikundi chake kimechangishana kununua mashine ndogo ya mkono inayobangua karanga zikiwa kavu, na wanachama wanalipia kwa debe.

Limebaki suala la chenga, na hapa ndipo ninapopata taabu. Utafiti mwingi umeonyesha kuwa sumu hujikusanya kwenye punje chache mbovu, hivyo kuchambua vizuri kunaondoa sehemu kubwa ya hatari. Lakini zilizochambuliwa ziende wapi? Mkulima akizikamua mafuta, mashudu yanabaki na sumu, ng'ombe anakula, na sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Akizitupa, ametupa fedha, kwa sababu yupo atakayezinunua kwa bei ya chini na kuzisaga. Nimelipeleka jambo hili kwenye kikao cha kata na kupendekeza mnunuzi anayetaka karanga safi alipe nyongeza inayofidia chenga zinazofukiwa. Wanunuzi wawili wa Dodoma mjini wamekubali kujaribu na kikundi cha shemeji. Wengine wanasema bei ya soko ni bei ya soko. Mavuno yanaanza mwezi wa tano, na shimo la kufukia chenga tumeshalichimba nyuma ya ghala la kikundi.